Matoka ya Wakili

Nikipita mjini Nyeri na mtu akaniuliza, "Wewe si ndiye wa kwa Wakili?" huitikia haraka, halafu naanza kuuliza habari za mvua. Wapo wanaodhani nina maringo. Ni haya tu. Jina la mtu huyo lilinivisha, likanisomesha, likanipa kazi, na mpaka leo likitajwa masikio yangu hupata moto.

Sitalitaja hapa, wala sioni kama nitakuwa nimepunguza kitu. Hata mkewe alimwita Wakili: "Wakili, chakula kinapoa." Wazee waliokuwa naye vitani Burma walimwita Wakili ingawa walimjua akiwa sajini. Miaka ile aliyokuwa mbunge watu walijaribu kumwita Mheshimiwa, wakachoka, wakarudi kwenye Wakili. Mimi alinilea tangu nikiwa msichana mdogo, kwa kuwa yeye na mkewe hawakujaliwa mtoto, na mimi pia sikuwahi kumwita vingine.

Alikuwa mtu mfupi. Nasema hivyo kwa sababu wengi waliomwona kortini huapa kwamba alikuwa mrefu. Alivaa kofia ya rangi ya udongo na viatu vya kijeshi ambavyo alivipiga rangi mwenyewe kila asubuhi, ameketi kwenye kigoda nyuma ya jikoni, hataki msaada wa mtu. "Anayepigiwa viatu rangi na mwingine," alikuwa akisema, "kesho ataoshwa miguu, keshokutwa atabebwa." Alikula upesi, macho mlangoni, kama mtu anayesubiri tarumbeta. Na Kiswahili chake alikipata jeshini kwa askari wa pwani, basi alikithamini kuliko kofia yake. Sisi wa bara tulipofungua mdomo alifunga macho, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Kuhusu vita alikuwa na hadithi moja tu, ya nyumbu wa mizigo. Nyumbu huyo alifika mtoni akagoma. Afisa Mzungu akampiga fimbo, akamtukana, mwisho akaketi kwenye jiwe akalia. Wakili, sajini wakati huo, akaanza kuimba wimbo wa kanisani aliofundishwa misheni, na nyumbu akaingia majini kama bibi harusi. Kuanzia siku hiyo afisa akamwamuru aimbe kila walipofika kwenye mto. "Nilivuka Burma nzima nikiimba," alisema, na sisi tukacheka hadi mbavu zikauma. Mtu akimuuliza habari za waliokufa, alirudi kwa nyumbu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni ucheshi. Baadaye nikaona ndiyo njia yake: pale pasipopendeza aliweka hadithi, akaketi juu yake.

Nyingine aliyoipenda ni ya Nanyuki. Alipokuwa askari alipelekwa kwenye hoteli moja huko na ujumbe wa bwana mkubwa, akaelekezwa mlango wa jikoni, akangoja huko kwenye mvua karibu na mapipa ya takataka. Baada ya uhuru, aliporudi kutoka ng'ambo na digrii yake ya sheria, safari yake ya kwanza kwa gari lake ilikuwa kwenda Nanyuki. Aliingia kwa mlango wa mbele, akaagiza chai, akainywa akiwa amesimama katikati ya ukumbi na kofia kichwani, akalipa, akatoka. Hakumsemesha mtu. Mkewe alimwuliza kama chai ilikuwa nzuri, akajibu kwamba ilikuwa mbaya sana na atairudia mwaka ujao.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mzee mmoja Mwislamu aliyeuza misumari na kamba, basi faili zetu zote zilinuka mafuta ya taa. Nilipomaliza kujifunza taipu alinipa meza karibu na mlango. Wateja wengi walikuwa wanawake, wajane na mabinti, kutoka Othaya, Kiganjo na kote kule, wakija na nduma na mayai wakidhani wakili hulipwa hivyo. Mara nyingi kwake ilikuwa hivyo.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa wakili mwingine. Mteja akiketi, alimwambia ataje jina lake. Mama wa watu angelisema kwa kunong'ona, mkono mdomoni. Wakili angetikisa kichwa. "Mara ya pili," angesema. "Mara ya kwanza umeniambia mimi. Mara ya pili jiambie mwenyewe." Wengine walilisema jina lao mara ya pili wakilia. Wengine, nadhani, hawakuwahi kulisema kwa sauti tangu waolewe. Hapo ndipo alipochukua kalamu.

Nilijivuna naye, sitaficha. Wakati ambapo ukisema binti arithi shamba la babake wazee wanatema mate chini, yeye alisimama kortini akasema, akashindwa, akakata rufaa, akasema tena. Kaka zao wale mabinti walikuja ofisini kutuvunjia vioo. Alishuka ngazi polepole, akanunua kioo kwa yule mzee wa chini, akakiweka mwenyewe. "Mgala muue na haki mpe," alipenda kusema, na mimi nikaichapa methali hiyo kwenye hati zake mara nyingi kiasi kwamba vidole viliijua bila macho.

Kesi iliyompa sifa ilikuwa ya mjane wa Kiganjo. Shemeji zake walikuwa wamehamisha mpaka. Lazima nieleze, kwa wasiojua milima yetu, kwamba mpaka wa shamba kwetu hauwekwi kwa waya. Wazee hutembea juu ya mstari, wanachinja kondoo, wanamwaga uchafu wa tumbo lake ardhini, kisha wanapanda itoka, yungi lenye kitunguu kikubwa chini na maua meupe yenye mistari ya waridi. Anayeng'oa itoka amejilaani yeye na watoto wake. Hata wezi wa ng'ombe huyakwepa matoka.

Shemeji wale waliapa kwamba mpaka haujawahi kuwa pale mjane anaposema. Wakili akamwomba hakimu afike shambani. Hakimu alikuja na viatu vya mjini, akazama matopeni hadi soksi. Wakili akavua koti, akaomba jembe, akachimba mwenyewe katikati ya mahindi ya wale shemeji. Akachimba, akachimba, kisha akainua vitunguu vitatu vyeupe vyenye vichipukizi.

"Mheshimiwa," akasema, "mtu aking'oa itoka huondoka na majani. Kitunguu hubaki chini. Mvua ikinyesha kinapanda juu kutoa ushahidi."

Mjane alishinda. Maneno yale yakaenea hadi kwenye vilabu vya pombe, na watu wakawa wanaambiana, "Ngoja mvua, itoka litasema." Na ndiyo yaliyompeleka Bungeni.

Sasa nifike nyumbani, ambako nimekuwa nikichelewa kufika.

Shamba la Wakili liliteremka kutoka barabarani hadi mtoni, kahawa safi kabisa. Ubavuni mwake palikuwa na kashamba ka Mama Gathoni, mjane, ambako kaliishia katikati ya mteremko, kama nguo iliyokatwa na fundi mlevi. Mashamba yote ya kwetu hushuka hadi majini. Lake peke yake halikufika. Mama Gathoni aliuona mto, aliusikia, lakini ili ateke maji ilimbidi apande hadi barabarani, azunguke shamba zima la Wakili, ashukie njia ya ng'ombe, kisha arudi na debe mgongoni, kamba ya ngozi ikimkata paji la uso. Mke wa Wakili alimwachia lango wazi ili apitie kwetu. Hakuwahi kupita. Alisalimu pale langoni kwa adabu na kuendelea na safari yake.

Wakili hakumvulia mtu kofia. Si askofu, si mkuu wa mkoa. Lakini akikutana na Mama Gathoni njiani alisimama, akaivua, akaishika kifuani mpaka apite. Kanisani watu walilitolea mfano: tazameni mkubwa anavyomheshimu maskini. Nami nilisimama pembeni yake, nikiwa nimejaa fahari hadi pomoni.

Na katika kahawa yetu, sehemu ile ya chini, kila baada ya mvua ndefu yaliota matoka. Yaliota kwa mstari, yakishuka kuelekea mtoni. Vibarua hawakuruhusiwa kuyagusa. Wakili aliyaondoa mwenyewe, asubuhi, kabla ya kupiga viatu rangi. Nilidhani anapenda bustani. Mtu unaweza kuchapa maneno "kitunguu hubaki chini" mpaka utepe wa taipu uishe wino, halafu ukayaona maua hayo mlangoni mwako ukasema ni mazuri. Nyani haoni kundule, na sisi tuliolelewa na nyani hatuoni pia.

Nilioneshwa siku ya mkutano wa kampeni yake ya pili, kwenye uwanja wa soko Othaya. Wakili alikuwa amezungumza vizuri: barabara, hospitali, haki. Akamaliza kama alivyozoea, "Tusahau yaliyopita, tujenge taifa." Mpinzani wake, mwalimu mmoja mwenye sauti ndogo, akapanda jukwaani.  Aliingiza mkono katika kikapu akatoa itoka, zima, na majani yake na kitunguu chake na udongo, akaliinua juu.

 Kisha nyuma kabisa mwanamume mmoja akacheka, na kicheko kikaja mbele kama maji yaliyovunja tuta. Nilikuwa nimeketi karibu na Wakili na karatasi zake magotini. Nilimtazama nione atajibu nini, maana hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikatazama umati, nikamwona Mama Gathoni kati ya wauza viazi. Yeye hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, kama kwamba mwenye aibu ni yeye.

Hapo nikaelewa, na damu ikanipanda usoni mbele ya soko zima. Ningeweza kuingia chini ya kiti.

Kesho yake nilimkuta nyuma ya jikoni na brashi yake. Nikamwuliza lile shamba la chini ni la nani.

"Ni langu," akasema. "Limeandikwa."

"Kabla ya kuandikwa?"

Alipiga kiatu brashi kwa muda. Kisha akanieleza, kwa utaratibu, kama mteja anayeeleza kesi yake. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipambana na wapigania uhuru wa msituni, mashamba yalipokuwa yakipimwa na kuunganishwa, yeye alikuwa mkalimani wa serikali na karani wa kamati ya kupima. Mume wa Mama Gathoni alikuwa kizuizini, na huko ndiko alikofia. Mama Gathoni mwenyewe alikuwa amefungiwa katika kijiji cha mitaro, kilichozungushiwa handaki na askari, pamoja na wanawake wengine. Kamati ilipofika kwenye mstari ule, hakukuwa na mtu.

"Kipande hakikuwa na wa kukisemea," akasema. "Nisingekichukua mimi, angekichukua chifu."

"Kwa hiyo ukakisemea wewe."

Akachovya brashi katika rangi.

"Na sheria?"

"Sheria inasema aliyeandikwa wa kwanza haondolewi. Hata kama aliiba. Waliitunga hivyo makusudi, ili waliotoka kizuizini wasifungue mdomo." Akaweka kiatu chini, akakilinganisha na mwenzake. "Naijua sheria hiyo vizuri. Hakuna korti ya kunigusa."

Alishindwa katika kura ile, na hakugombea tena. Mimi nikaendelea kwenda ofisini naye, wajane wakaendelea kuja, naye akaendelea kuwatetea, kwa nguvu zaidi ya awali ikiwezekana. Hilo ndilo lililonichosha roho. Laiti angekuwa mwovu mzima ningemchukia nikapumzika. Lakini ningemsikiliza akimwambia mama fulani "Mara ya pili," nikamwona mama yule akinyooka mgongo, na machozi yakanilenga, kisha nikakumbuka debe la Mama Gathoni na nikataka kujificha nyuma ya taipu.

Alipozeeka alifanya jambo lililowaudhi wazee wote wa kwetu. Aliandika shamba lake lote kwa jina langu, mimi msichana, na akalitangaza kanisani: "Anayetaka kushtaki anajua ofisi yangu ilipo." Watu walinipongeza. Nilipeana mikono nikitazama sakafu. Alikuwa amenipa urithi na aibu yake kwa hati moja.

Nilimwambia mkewe kwamba nataka kumrudishia Mama Gathoni sehemu ile ya chini. Alinishika mikono yote miwili. "Ngoja kwanza afe," akasema. "Usimvue nguo akiwa anaona." Mwanamke yule alikuwa amenibeba mgongoni. Nikangoja. Mwaka ukafuatwa na mwingine, mkewe akatangulia kufa, na Wakili hakufa.

Kilichokufa kwanza ni kumbukumbu. Ilianza na majina ya mahakimu, yakafuata majina yetu. Akawa anavaa viatu bila kuvipiga rangi, siku nyingine viwili vya mguu mmoja. Asubuhi hakwenda tena kung'oa maua, maana hakukumbuka kwa nini. Basi mwaka huo, mvua ndefu ilipokwisha, matoka yalichanua yote, mstari mmoja mweupe kutoka mpaka wa Mama Gathoni hadi mtoni. Mtu aliweza kuyaona kutoka barabarani. Na watu walikuja kuyatazama, wakajifanya wanapita.

Siku moja saa nne hivi nilimkosa nyumbani. Nilimfuata kahawani, nikamkuta amesimama katikati ya maua, kofia kichwani, fimbo mkononi, macho yamewaka kama zamani. Hakunijua, lakini alijua kazi yangu.

"Karani," akasema, "njoo uone. Kuna mtu amehamisha mpaka hapa."

Nikasogea hadi aliposimama.

"Tazama. Shamba la huyu limekatwa katikati, halifiki majini. Lini umeona shamba lisilofika majini? Itoka linatoka hapa, linashuka pale." Alifuata mstari kwa fimbo yake, kwa uhakika, hakukosea hata ua moja. "Huu ni wizi wa wazi kabisa. Mwenye shamba hili yuko wapi?"

Mwenye shamba alikuwa juu yetu, upande wake wa mpaka. Alikuwa ameweka debe tupu chini, akitusikiliza. Wakili akamwona, akavua kofia.

"Mama, hili shamba ni lako?"

Mama Gathoni alinitazama mimi kwanza. "Ilikuwa yetu, Wakili," akasema. "Mzee wangu na baba yake walipanda hizo matoka. Mimi nilipika uji ya wazee siku hiyo."

"Na kwa nini hukuja ofisini kwangu? Watu wote wanakuja."

"Ningekuja aje, Wakili?" Hakusema kwa hasira. "Ati ningekuja nikuambie nini?"

"Ungenieleza hivi hivi. Nisingekutoza kitu." Alikuwa ameudhika kwa ajili yake. "Ni nani aliyekufanyia hivi? Hana haya mtu huyu?"

Upepo ulipita kwenye kahawa. Mama Gathoni alikuwa amengoja swali hilo tangu kijiji cha mitaro, na angeweza kulijibu kwa neno moja. Aliinama akaokota kamba ya debe lake, akaikunja.

"Amezeeka sana huyo mtu," akasema. "Hawezi kukumbuka. Wachana naye."

"Shamba liko kwa jina la nani sasa?"

"Iko na msichana wake."

Wakili akafikiri. Nilimwona akifikiri, kama nilivyomwona akifanya ghorofani, kidole gumba kikisugua ukingo wa kofia.

"Basi nikwambie ukweli, mama," akasema. "Korti haitakusaidia. Aliyeandikwa wa kwanza haondolewi, sheria imefunga mlango huo. Huyo msichana akitaka atakwenda kwenye bodi ya ardhi kwa hiari yake, atie sahihi. Asipotaka, hakuna wa kumlazimisha. Imebaki haya yake tu." Akanigeukia. "Karani, andika. Mdai ni huyu mama. Mdaiwa ni nani? Nataka jina la huyo msichana."

Sikuwa na karatasi. Sikuwa na kalamu. Mama Gathoni alikuwa ananitazama, akitikisa kichwa kidogo, akimwombea kwangu msamaha mtu asiyejua kwamba anahitaji msamaha. Nilijua kwamba ningesema jina lolote naye angeliamini, na saa ya chakula angekuwa amesahau.

Nikamtajia jina langu.

Nilinong'ona, mkono mdomoni. Wakili akatikisa kichwa, hakuridhika, akaweka sikio lake karibu.

"Mara ya pili," akasema.

Nikalisema tena, kwa sauti, hata wachuma kahawa wa ng'ambo ya mto wakainua vichwa. Kisha nikapanda mteremko, nikachukua debe la Mama Gathoni, nikampa mkono avuke, nikashuka naye moja kwa moja hadi mtoni kandokando ya matoka, kwa njia yake.